Oili na safari za Ngamiani
Gari langu halijui safari ndefu. Hapa Tanga mjini ni Chumbageni hadi sokoni Ngamiani, jioni Raskazone kupunga upepo, basi. Leo fundi kafungua kifuniko cha oili, chini yake utando mweupe kama tui. Moyo ukanipasuka, nikajua gasketi imekwenda, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini! Lakini maji ya rejeta hayajapungua wala hayana oili. Kumbe ni unyevu tu: injini haipati moto wa kutosha kuukausha, na petroli isiyoungua nayo inashukia humo humo kwenye oili.

Kwa hiyo namwaga oili kila miezi 6, kilomita 5,000 zifike zisifike (kwa mizunguko yangu hazifiki ng'o). Jumamosi nalipeleka Muheza lipate moto sawasawa. Wanaotaka machungwa waseme mapema.