Chanjo inavyoharibika kabla ya kumfikia mtoto

Kuna mzazi anayekataa chanjo kwa hadithi ya njama, na kuna anayekataa kwa alichokiona: mtoto wa jirani alichanjwa surua, na surua ikampata vilevile. Huyu wa pili ukimwambia tu "chanjo ni salama," umejibu swali ambalo hakuuliza. Na wapinzani wa chanjo watampa jibu lao haraka.

Tuanze na umri. Mtoto huzaliwa na kinga kutoka kwa mama yake, na chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kinga ya mama ikiwa bado ipo, hukimaliza kirusi hicho kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Ndiyo maana dozi ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 tu kati ya 100. Ikisogezwa hadi miezi 12 inafanya vizuri zaidi, lakini panapozunguka surua mtoto anaweza kuugua akiwa anasubiri. Dozi ya pili basi kazi yake kubwa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika. Anayeiruka kwa kudhani ni nyongeza tu amecheza kamari.

Halafu kuna baridi, na hapa ndipo wengi hukosea. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Surua na polio ya matone huharibiwa na joto. Pentavalenti (penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano), homa ya ini B, pepopunda na nimonia huharibiwa na kuganda, kwa sababu chumvi za aluminiamu zilizomo hushikana mabonge na nguvu ya chanjo hupotea. Mhudumu anayeogopa joto hupanga barafu iliyotoka kwenye friza moja kwa moja, kumbe anaigandisha penta. Kifuko cha barafu kiachwe nje kwanza mpaka ukikitikisa usikie maji yakicheza ndani.

Kibandiko cha mraba ndani ya duara kwenye chupa hupima joto peke yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu; ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, tupa. Kuhusu kuganda hakisemi lolote. Ukishuku, chukua chupa moja ya toleo lilelile, igandishe makusudi iwe barafu kabisa, iyeyushe, kisha itikise pamoja na ile unayoishuku na uziweke mezani. Zikituama kwa kasi ileile, au ile ya kushukiwa ikatangulia, imeharibika.

Kosa baya kuliko yote hutokea wakati wa kuchanganya. Surua na BCG (chanjo ya kifua kikuu) huja zikiwa unga, na maji yake lazima yawe ya mtengenezaji yuleyule, yaliyopozwa. Zikishachanganywa, zitumike ndani ya saa 6 au mpaka kliniki ifungwe, lolote litakalotangulia. Hazina dawa ya kuzuia bakteria, kwa hiyo chupa iliyowekwa "tumalizie kesho" inaweza kuotesha bakteria wa sumu. Mtoto huanza homa, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache, na anaweza kufa.

Huko Samoa, nchi ya visiwa katika Pasifiki, Julai 2018, watoto wawili walifariki baada ya chanjo yao ya surua kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji. Chanjo hiyo ikasimamishwa kwa miezi, wapinzani wakapata cha kushika, na mlipuko wa surua wa 2019 ukaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Chupa yenyewe ya chanjo haikuwa na tatizo.

Na kwa wale wa hadithi za njama: makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilichunguza watoto 12, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Sipotezi muda nayo.

Mama aambiwe mapema: homa ya penta huja ndani ya siku moja au mbili, ya surua huchelewa siku 5 hadi 12, na kidonda kidogo cha BCG kutokea wiki kadhaa baadaye ni kawaida. Degedege, kuvimba uso au kupumua kwa shida, arudi mara moja. Na hapo mhudumu asitupe chupa: aihifadhi kwenye jokofu pamoja na maji yake, aandike namba ya toleo na saa iliyofunguliwa, kisha atoe taarifa siku hiyohiyo.