Nilivyoipata mvua ya usiku ya ziwani kwa kompyuta ya mtumba

Wakuu, ukilalamika kwamba modeli yako ya hali ya hewa inakosea mvua, jibu la watu ni moja tu, "shusha gridi", yaani igawe ramani kwa vimraba vidogo zaidi. Mimi nimeshusha, hapa hapa Kirumba, kwa kompyuta ya mtumba ya laki saba na kitu, na haikutosha.

Mwanza kila mtu anajua radi za ziwani ni za usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, mawingu yanajengeka huko Magu na Kwimba jioni, usiku upepo unageuka, hewa ya pande zote inakutana juu ya maji ambayo bado yana joto, inapanda, ndo zile radi zinawakuta wavuvi wa dagaa na taa zao. Sasa WRF yangu (programu ya bure hiyo, ya Wamarekani) kwa gridi ya km 27 (kila kimraba upana km 27) ilikuwa inanipa manyunyu saa sita mchana, kila siku, hata siku ya jua kali. Ukerewe haipo, imemezwa na maji. Bukoba na Mwanza mvua sawa, wakati Bukoba wanapata kama milimita 2,000 kwa mwaka na sisi nusu yake hivi. Wingu la radi lina upana wa km chache tu, kulikamata kwa kimraba cha km 27 ni kuvua dagaa kwa wavu wa sangara, kwa hiyo modeli inalikisia kwa skimu (kanuni ya kukadiria mawingu isiyoyaona), na skimu nyingi zinawasha mvua ardhi ikipata joto tu, hazisubiri wingu likue.

Basi nikashuka kwa hatua, km 9 halafu km 3. Aliyeniambia kazi itaongezeka "mara tatu tu" kutoka km 9 sijui hesabu alisomea wapi, vimraba vinakuwa mara 9, hatua ya muda nayo unaigawa kwa 3, jumla mara 27! Mashine inakesha, umeme ukakatika alfajiri (hifadhi restati jamani, lile faili la kuendelea ulipoishia), Luku naongeza kila mara, wife akauliza kama nimeanza kuchimba bitikoini. Mwisho wa siku nafungua ramani: radi za jioni nchi kavu zipo, Ukerewe ipo hadi ghuba zake, na ziwa kavu. Kavu! Usiku mzima hakuna wingu, Dodoma wangenihurumia.

Kumbe kosa ni ushauri niliofuata wa mtaalam mmoja wa kwenye grupu, eti joto la maji weka wastani wa joto la hewa la siku nzima. Huku kwetu maji yanakaa nyuzi 25 hivi, hewa kwa wastani iko chini ya hapo, ukifanya hivyo unaliibia ziwa kama nyuzi mbili, na hizo mbili ndo mvua yenyewe.

Nikachukua joto la maji la setilaiti, nikaandika kaskripti ka Paitoni, kakaingia kwenye faili la kuanzia, kakatafuta kila kimraba cha ziwa kakabandika namba yangu, nchi kavu hakakugusa. Mistari michache tu, najisifu sana kwa hako. Na skimu ya mawingu nikaizima kwenye km 3, ukiiacha inamaliza unyevu mapema. Ya km 9 watu wanabishana, mimi niliiacha imewaka.

Nikaendesha tena. Saa nane usiku, mstari wa radi katikati ya ziwa, upepo wa mashariki unausukuma kuelekea Bukoba! Niliamsha nyumba nzima. Nikalinganisha na mvua ya setilaiti ya GPM, ile ya kila nusu saa, masaa yanakaribiana kabisa.

Ila mvua yangu inapiga kwa nguvu mno sehemu ndogo, na vile vimawingu vidogo vyeupe km 3 bado haivioni. Met Office (idara ya hali ya hewa) ya Uingereza waliendesha Afrika nzima kwa km 4.5, skimu wamezima hivyo hivyo, ila wao wana kompyuta ya maana mimi nina feni ya mezani. Anayetaka nishuke hadi km 1 anilipie umeme, hiyo ni mara 27 nyingine.

Kwa sasa namba yangu ya joto ni moja ziwa zima, na maji ya ghubani hayalingani na ya katikati. Mwenye skripti ya kushusha joto la kila siku anicheki, nitampa kale kangu.