Propela ya Baba Mkubwa

Jana jioni upepo wetu wa Dodoma ulikuwa unabamiza mlango wa jikoni. Mwanangu wa mwisho akaburuta lile pande la alumini akauzuia, kisha akauliza, "Baba, hii feni ya wapi?"

Nililichukua, nikapapasa namba zilizogongwa karibu na kitovu: 9¼ x 12. Ile 12 niliichagua mimi.

Mwaka 2009, Mtera. Propela ya zamani ya injini ya boti yetu ilikuwa imeliwa na visiki. Ile miti iliyozama bwawa lilipojazwa bado imesimama majini, na kiangazi hujui kipi kiko kiganja kimoja tu chini ya maji. Baba Mkubwa akanituma Dar, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Namba ya kwanza ni upana wa duara, kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo propela ingesonga kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Ya zamani ilikuwa 9. Nikaona 12 itatupeleka mbali zaidi kwa mafuta yale yale.

Tuliijaribu boti ikiwa tupu, ikaruka. Baba Mkubwa akanipiga bega.

Kesho yake tulirudi na perege wamejaa, watu wanne, nyavu zimelowa, upepo umeanza. Akasokota gesi mpaka mwisho. Injini haikulia ule mlio wa juu tuliouzoea. Ilinguruma chini kwa chini, kama ng'ombe anayejivuta kutoka kwenye tope. Pua ya boti ikabaki juu, nyuma kumezama, mawimbi yanaingia. Nilikuwa nakumba maji kwa kopo la samli, nikainua macho nikamwona ameweka kiganja juu ya kifuniko cha injini. Akakiacha pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Moshi ulikuwa mzito. Akakiondoa, akapunguza gesi, akatazama mbele.

"Imebebeshwa kuliko nguvu zake, mwanangu."

Hakusema neno lingine. Tulitambaa hadi magharibi. Mnunuzi alishaondoka na barafu yake, na perege wengi walikuwa wamelegea.

Fundi mmoja wa Migoli alikuja na kipimo, akakishika kwenye waya wa plagi tukiwa na mzigo. Mizunguko 3,900 kwa dakika, gesi ikiwa imesokotwa mpaka mwisho. Mashine ile ya farasi 15 ilitakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500. Akaeleza kwamba kila inchi unayopunguza kwenye namba ya pili inarudisha mizunguko 150 hadi 200. Tena Mtera iko karibu mita 700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini haipati nguvu ileile inayopata pwani. Boti tupu inaweza kukudanganya. Propela inachaguliwa kwa mzigo wa kila siku na maji unayofanyia kazi, na ukiikosea kwa kuzidisha, pistoni ndizo zinazolipa. Tukarudi 9, tukapata 4,500.

Hiyo 12 Baba Mkubwa alikataa kuiuza. Alisema ipo siku itafaa. Haikufaa. Hata nyumbani hakuwahi kulitaja suala lile, na mimi sikuwahi kumwomba radhi, nikingoja aanze yeye. Alipofariki nikaletewa imefungwa kwenye kipande cha wavu, kwamba aliagiza nipewe mimi. Nimeigeuzageuza miaka yote hii. Sijui kama alikuwa ananikumbusha au ananiachilia.

"Feni ya majini," nikamwambia mtoto.

"Ilikuwa mbovu?"

Nikampa aishike. Mapanga yote matatu hayana hata mkwaruzo. Akayapitishia kidole moja baada ya jingine, akairudisha mlangoni.

"Mbona ni nzima, Baba?"