Mawe ya Kibla Mbili

Mke wangu ndiye aliyeanza. Alisimama mlangoni na beseni la nguo, akalitazama tangi la samaki kwa muda, kisha akauliza, "Mbona umejenga kaburi?"

Nilikuwa nimemaliza Jumapili nzima nikipanga. Tangi nililinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi yake: sentimita 120 kwa 45 kwa 50, kioo cha milimita 10. Likijaa ni lita 270, yaani kilo 270 za maji peke yake. Mawe niliyachagua moja moja kwa muuza maua na mawe ya bustani, kando ya barabara ya Bagamoyo. Jiwe kubwa nililisimamisha katikati kabisa, mawili ya kimo sawa nikayaweka kulia na kushoto, na madogo nikayazungushia mbele kama uzio, yote juu ya mchanga mweupe. Kweli lilikuwa kaburi. Lilikosa tu jina la marehemu.

Samaki nao walilikataa. Walikuwa 12, aina ya Tropheus duboisi wa ziwa Tanganyika, wachanga bado, weusi wenye madoa meupe kama kanga. (Wakikua madoa hupotea, kichwa kinageuka bluu na mwili unavaa mkanda mmoja. Wengi huwapenda utotoni. Mimi nawapenda ukubwani.) Mmoja alijitwalia lile jiwe la katikati, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kumziba macho, aliliona tangi zima kama mwenyekiti wa mtaa aliyekaa barazani. Yeyote aliyejitokeza alifukuzwa. Wale 11 walikuwa wamejibana kwenye kona, nyuma ya pampu.

Hiyo ilikuwa 2013. Wiki ileile mjomba alifika kwa treni kutoka Kigoma, na ndoo ya mawese na dagaa, kuja kufanyiwa upasuaji wa macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiona mwanga na vivuli, basi.

Mjomba alikuwa mzamiaji. Miaka mingi alikamata samaki wa mapambo, hawa wanaosafirishwa kwenye mifuko ya plastiki hadi Ulaya na Marekani. Wazamiaji wanauzungushia mwamba wavu, mmoja anaingiza mkono kwenye nyufa kuwatisha samaki watoke. Wale wa kina kirefu hawapandishwi mara moja, kibofu chao cha hewa kitavimba. Wanapandishwa kidogo kidogo, wengine kwa siku kadhaa. Habari hizi nilizisikia tangu mtoto. Lakini, naona aibu kusema, haikunijia hata siku moja kwamba mtu huyu angeweza kuwa na neno juu ya tangi langu.

Siku ya pili jioni aliketi karibu nalo, akisikiliza pampu.

"Mjomba, hebu nieleze umeyapangaje."

Nikamweleza. Akacheka, akakunja mkono wa kanzu, akauingiza majini hadi kwapani. Alipapasa taratibu, akautoa.

"Toa yote. Na mchanga toa."

Tulilala saa nane usiku. Samaki niliwahamishia kwenye ndoo, na mimi nikawa msaidizi katika nyumba yangu mwenyewe. Mjomba alitandika gunia mapajani, nikawa nampa jiwe moja moja, naye analizungusha mikononi.

"Jiwe lina mgongo na tumbo," alisema. Mgongo ni upande uliopigwa na jua na mvua, umelainika. Tumbo lililala udongoni, kingo zake bado kali. Mawe yangu manne nilikuwa nimeyalaza chali.

Kisha akaanza kufuata mistari kwa ukucha. Mawe yale yalikuwa ya matabaka, kama keki, na mimi sikuwa nimeitazama mistari hata mara moja. "Hili linaelekea huku, hili kule. Mjomba, msikiti wako una kibla mbili." Kwa mtu wa Ujiji huo si utani mdogo. Mawe ya mlima mmoja, alisema, hulala kwa kufuatana, na hata lililoporomoka utalijua limetoka wapi.

Aliomba ndimu. Mawe mawili yakatoa povu, maana yana chokaa. Nilitaka kuyatupa, akanizuia. Maji ya Tanganyika yenyewe ni magumu, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo kwa samaki hawa chokaa si sumu. Ningekuwa nafuga samaki wa Amazon, ningeyatupa mbali.

Juu ya kioo cha chini tukalaza lile povu gumu jeupe la plastiki linalokuja ndani ya boksi la televisheni, mawe yakakaa juu yake, na mchanga ukaja mwisho kabisa. Samaki wengi wa ziwani wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga siku moja litamwangukia mtu, au kioo. Kila jiwe la juu alilikalisha kwenye ncha tatu. "Mafiga," alisema, akilisukuma kwa kiganja. Likitikisika, anatoa, anaanza upya. Kuna jiwe alilikalisha mara tisa. Mimi nilikuwa nasinzia.

Kubwa hakuliweka katikati. Alilisogeza kushoto, theluthi moja ya tangi, limeinama kidogo, yale ya kati yakaliegemea. Kulia akaacha uwazi wa mchanga, halafu rundo fupi kama vipande vilivyoporomoka kutoka kwenye lile kubwa. Matundu aliyapima kwa ngumi yake, na kila moja lilikuwa na njia mbili. "Nyumba isiyo na mlango wa uani ni jela."

Miaka baadaye nilisoma kwamba Wajapani wana jina la sanaa hii, iwagumi, na mpangaji wa matangi Takashi Amano aliifanya ijulikane duniani: idadi witiri, jiwe kuu mbali na katikati. Nikayahesabu ya mjomba. Yalikuwa 11. Nilipompigia simu kumuuliza kwa nini hakuweka la 12, alisema la 12 lilikuwa linatikisika.

Asubuhi samaki walikuwa wametawanyika. Mbabe alikuwa na pango lake kushoto, na akitoka kufukuza, anampoteza mwenzake kwenye kona ya kwanza. Mke wangu alileta kiti.

Mimi, hata hivyo, nilikuwa na jambo langu. Jiwe moja la kulia lilikuwa na mshipa mweupe mzuri tumboni, na mjomba alikuwa ameuficha chini. Alipokwenda kulazwa nikaligeuza. Mshipa ukatazama sebuleni. Nani angejua?

Alirudi na kikombe cha plastiki juu ya jicho la kulia, na onyo la daktari: asiiname, asinyanyue kitu kizito. Kikombe kilipotolewa alikaa mbele ya tangi, akatazama kimya muda mrefu. Nilidhani anawatazama samaki.

"Hilo la kulia nani kaligeuza?"

Sikujibu. Akaanza kukunja mkono wa shati.

"Mjomba, daktari!" mke wangu akapiga kelele kutoka jikoni.

Akaushusha. "Basi ingiza wako," akaniambia. "Hapana, fumba macho kwanza."

Nikafumba. Maji yalikuwa vuguvugu. Nililipata jiwe, kingo kali juu, mgongo laini chini, nikaligeuza. Likatikisika.

"Bado," mjomba akasema. Nikalizungusha kidogo. "Bado." Kitu kikawa kinanidonoa vinyweleo vya mkono, kimoja, kisha viwili. "Bado."