Nilivyozibana filamu tatu za Star Wars zikawa moja, na kazi kubwa ikawa sauti

Sijui nani aliwaaminisha watu kwamba kuhariri upya Star Wars ni kumkata Jar Jar, yule kiumbe mchekeshaji mwenye masikio marefu, basi. Kila unayemuuliza anakupa ushauri huohuo, na wengi wao hawajawahi kukata hata video ya harusi. Ni kweli mchezo huu ulipata umaarufu kwa njia hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mhariri Mmarekani, Mike J. Nichols, aliipunguza Sehemu ya 1 karibu dakika 20, na sehemu kubwa ya vituko vya Jar Jar ikaondoka. Mwaka 2012 mwigizaji Topher Grace akaenda mbali zaidi, akazibana zote tatu, yaani Sehemu ya 1 hadi ya 3, kuwa dakika 85 na kuwaonyesha rafiki zake. Lakini mfute Jar Jar kabisa kwenye Sehemu ya 1, halafu fungua Sehemu ya 2 uone nani anasimama kwenye Seneti kupendekeza mwanasiasa Palpatine apewe mamlaka ya dharura. Ni huyohuyo! Mtazamaji atauliza katokea wapi.

Mimi nilitaka kitu kingine kwa filamu hizohizo tatu. Huku kwetu Kigoma, filamu hizi zikiwekwa kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, swali la watu si Jar Jar. Wanauliza: hawa Jedi wenye meli na mapanga ya mwanga, mbona hawakurudi kumkomboa mama wa yule mtoto? Mtoto huyo, Anakin, na mama yake Shmi ni watumwa wa mfanyabiashara Watto. Mtoto anachukuliwa, mama anaachwa, miaka 10 inapita kimya. Kwa watu wa Ujiji, mji ambao misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikianzia safari ya kwenda pwani, jambo hilo halipiti hivihivi. Nikaamua mama ndiye awe mhimili. Kila tukio nililipima kwa hilo: linamhusu mama, au Padmé anayependwa na Anakin, au Palpatine anayemvuta kijana? Kama halimhusu yeyote, nje. Kodi za biashara, safari ya chini ya maji, kiwanda cha madroidi, kipimo cha damu, vyote vilikwenda. Karibu saa 7 za filamu zikashuka mpaka saa mbili na nusu na ushee.

Vifaa si vya kutisha. Laptopu ya RAM ya GB 8, Kdenlive kwa picha, Audacity kwa sauti, FFmpeg kwa kuchambua mafaili, na zote tatu ni za bure. Diski ngumu ya nje ya tera moja ilinitoka laki na kitu pale Mwanga, hapahapa Kigoma. Hapo usibane pesa, maana filamu moja ikitolewa kwenye Blu-ray bila kupunguzwa inakula GB 30 hadi 40. Yule anayekwambia utumie faili la MB 700 alilokurushia kwenye flashi anakupotezea muda. Sauti yake ni ya chaneli mbili tu, na picha imebanwa mno: fremu kamili (picha nzima, moja kati ya nyingi zinazounda video) inakuja mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, katikati ni mabadiliko tu. Ukikata hapo, picha inakwamakwama. Wenye mchezo huu wana sheria zao pia: uwe na diski halisi, na usiuze ulichotengeneza. Mimi ukumbi wangu ni uani na kiingilio hakuna.

Kabla hujaingiza faili hata moja, weka mradi kwenye fremu 23.98 kwa sekunde, siyo 24, siyo 25. Kisha washa proksi, zile nakala nyepesi za kuhariria. Upana wa pikseli 640 unatosha, na wakati wa kurenda (kutoa video iliyokamilika) programu inarudi yenyewe kwenye faili kubwa. Suala la fremu linaumiza zaidi ukichanganya vyanzo. Nilitaka matukio yaliyoachwa ya Padmé akiwa nyumbani kwa wazazi wake, ambayo yamo kwenye DVD ya Sehemu ya 2. DVD za PAL, mfumo wa video wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika, zinakwenda fremu 25, kwa hiyo kila kitu kinakimbia kwa asilimia 4 na sauti za watu zinapanda wembamba. Ukiiweka sauti hiyo kwenye picha ya Blu-ray, kwa kila dakika 10 unapishana sekunde 24 hivi. Dawa yake kwenye Audacity ni kubadili kasi kwa kizidishio cha 0.959. Badili kasi, siyo tempo peke yake, ili na wembamba ushuke. Picha ya DVD nayo ukiikuza inaonekana imepauka na laini, hivyo iongezee chembechembe kidogo kama za mkanda wa filamu. Chembechembe hizo nilizitia Sehemu ya 2 yote, maana ilipigwa kwa kamera za dijitali wakati Sehemu ya 1 karibu yote ni ya mkanda wa filamu, na zikikaa bega kwa bega tofauti inaonekana.

Sasa sauti. Picha unaweza kuikata karibu popote na jicho likasamehe. Sikio halisamehi. Tatizo ni kwamba muziki wa John Williams unapita chini ya maneno karibu muda wote. Ukitoa sentensi ya mtu unatoa na kipande cha muziki, na wimbo unaruka.

Kuna fundi mmoja wa studio ya muziki aliniapia kwamba dawa ni kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa mawimbi ya sauti: chukua chaneli ya kushoto, igeuze juu chini, ichanganye na ya kulia, maneno yatajifuta na muziki utabaki. Ushauri huu umezagaa kila mahali, na kwa filamu ni takataka. Kinachojifuta ni kila kilicho sawa pande zote mbili, ikiwemo besi, ngoma na mlio wa injini. Kinachobaki ni chaneli moja nyembamba yenye mwangwi wa yaleyale maneno uliyotaka kuyatoa, watu wanasikika kama wanaongelea ndani ya pipa. Na matokeo hayo hayawezi kurudi kuwa stereo tena. Siku nzima inakwenda, unapata uchafu.

Jibu liko ndani ya diski yenyewe. Sauti ya sinema ina chaneli 6 au zaidi, na maneno ya waigizaji karibu yote yamewekwa kwenye chaneli ya kati. Muziki unakaa zaidi kushoto na kulia. FFmpeg ina kichujio cha channelsplit kinachozitenganisha. Mwambie mpangilio sahihi wa chaneli, la sivyo majina yatatoka yamepishana. Huna uhakika? Sikiliza moja moja, yenye maneno ndiyo ya kati. Ukiizima kwa sekunde 4, Jar Jar ananyamaza na muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukirudisha kila kitu kwenye stereo, gawa chaneli ya kati pande zote ikiwa imeshushwa desibeli 3. Ukiiweka nzima nzima, maneno yatapiga kelele kuliko muziki.

Hila hii ina gharama yake. Kwenye chaneli ya kati kuna nyayo, milango, na nguo zikisuguana. Tukio la kuingia mjini kwenye sayari ya jangwa ya Tatooine, ukizima kati, watu wanatembea mchangani bila kutoa mlio, utadhani mizimu. Hapo lazima utengeneze nyayo zako. Ufukwe wa Kibirizi haufai hata kidogo: upepo wa ziwa unapiga maiki na injini za maboti hazinyamazi, na mchanga wa pale karibu na maji una unyevu, mlio wake ni wa tope. Nilichofanya ni kuubeba mchanga kwenye ndoo, nikauanika juu ya turubai mpaka ukamwagika kati ya vidole, nikaujaza beseni pana kwa kina cha vidole vinne. Simu inafungwa ndani ya soksi, inawekwa sentimita 30 kutoka kwenye beseni, milango na madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Buti unazivaa mikononi. Anza na kisigino, malizia na vidole, ukiitazama picha. Kwenye Audacity kata kila kilicho chini ya hezi 80 (ile mivumo mizito ya chini kabisa), na utoe kopi mbili zenye wembamba tofauti kidogo ili watu wawili wasitembee kwa buti moja. Mlio ukichelewa fremu moja baada ya mguu kugusa hakuna atakayejua. Ukitangulia mguu, kila mtu anajua. Nyayo zile ndizo ninazojivunia kuliko kazi nyingine zote, na hakuna mtazamaji aliyewahi kuzisema, ambayo ndiyo sifa yenyewe.

Sehemu zenye ukimya baada ya maneno kutoka, usiache utupu. Kila chumba na kila meli ina mngurumo wake. Tafuta sekunde 3 au 4 zisizo na maneno ndani ya tukio hilohilo, zirudie, na kila kiungo kipishane kwa sekunde nzima, la sivyo utasikia mapigo. Viungo vya kawaida vya maneno vinatosha fremu 2.

Star Wars ina zawadi moja kwa mhariri: lile pazia, picha mpya inapoingia kutoka ubavuni na kuifuta ya zamani. Kwa kuwa ndiyo desturi ya filamu hizi, kiungo kibaya kinafunikwa kwa pazia la fremu 20 hivi na hakuna anayeshtuka. Ila mapazia ya asili yamechorwa ndani ya picha. Ukitoa tukio linalofuata pazia, ncha yake inabaki imejitokeza pembeni. Kata kabla pazia halijaanza kusogea, poteza hiyo sekunde, weka lako.

Kiungo kikubwa kuliko vyote hakina pazia. Mama anamwambia mtoto asiangalie nyuma, mtoto anaondoka, mara ni kijana mkubwa anagaagaa usingizini akimwita mama. Hilo la pili nimelitoa katikati ya Sehemu ya 2 nikalileta mwanzo, linawezekana kwa sababu picha ni ya karibu na haionyeshi yuko wapi. Muziki wa kuagana niliuacha uishe wenyewe juu ya giza la fremu 12, na pumzi za usingizini zikatangulia picha kwa sekunde moja. Wazee wa uani, ambao Kiingereza hawakijui, wameelewa bila maelezo kwamba miaka imepita na mama hajakombolewa.

Na hapo ndipo sauti ya DJ wa kutafsiri, yule anayeongea Kiswahili juu ya filamu, inakuokoa kuliko programu yoyote. Kibandani DJ anashusha sauti yote akiongea, milipuko na muziki vinazama. Ukiwa na chaneli zimetengana, unashusha ya kati peke yake kwa desibeli 12 hadi 15, muziki unabaki juu, Kiswahili kinakaa katikati. Kovu lolote la maneno unamwekea DJ sentensi hapo. Yale mamlaka ya dharura yalitatuliwa hivyo: tukio linaanzia Palpatine anapohutubia, na DJ anasema Seneti imeshampa. Jar Jar hahitajiki.

Jaribu mchanganyiko kwenye spika moja kabla ya kurenda, maana spika za uani na za vibandani nyingi ni mono (chaneli moja), na kilichopishana fezi kitapotea.

Kuhusu umeme, mnaujua wenyewe. Renda picha kwa vipande vya dakika 20, mipangilio ileile, kisha viunganishe kwa FFmpeg bila kubana upya. Ukikatika usiku unapoteza kipande kimoja. Sauti usiikate hivyo, viungo vitatoa mlio. Itoe nzima kama WAV moja (faili la sauti lisilobanwa), ibane mara moja, uipandishe juu ya picha mwishoni. Na mafaili uyape tarehe, kwa sababu "mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa" zote zitakuwa na ukubwa uleule na hutakumbuka ipi ina nyayo.