Stendi imehama, Mungu hajahama

Mbukwenyi wapendwa, Bwana asifiwe. Kuna jambo limenikaa moyoni toka wiki iliyopita nikasema niliandike leo kabla sijaanza kukanda unga wa kesho.

Wanaoijua Dodoma ya zamani wanaikumbuka stendi ya mabasi ya pale mjini. Nilikua na kibanda changu jirani, chai, chapati na supu, saa kumi alfajiri moto umeshawaka maana abiria wa mabasi ya asubuhi hawasubiri. Miaka sita. Mdogo wangu kasoma kwa zile chapati. Alafu stendi ikahamishiwa Nzuguni kule Nanenane, na sio kwamba hatukuambiwa, tuliambiwa, ila kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Siku ya kwanza niliuza chapati nne. Nne tu, na unga nilishakanda kama kawaida.

Miezi mitatu baadae baba akafariki.

Baba alikua na msemo wake, "tangu 1973 wanasema makao makuu yanakuja Dodoma, mimi nipo tu nasubiri". Serikali ilipoanza kuhamia kweli, mji ukawa jiji 2018, viwanja vikapimwa mpaka kule tulikokua tunachunga mbuzi utotoni, yeye alifurahi mno. Treni ya umeme imeanza kufika Dodoma 2024, hakuiona. Mimi kwa upande wangu nilikua kama mtu aliyeezuliwa paa yumo ndani.

Sasa kipindi kile kila usiku nilikua nasali kwa Malaki 3:6, "Kwa kuwa mimi, Bwana, sina kigeugeu". Naishia hapo hapo, alafu namdai Mungu kama mtu anayedai deni, wewe si hubadiliki, basi rudisha mambo yalivyokua. Hayakurudi. Nikamkasirikia, nasema ukweli, kuna Jumapili nilikua naenda kanisani nakaa tu siimbi.

Nikaenda kijijini kwa mama upande wa Chamwino. Mwezi wa 11, ardhi imekauka kama tofali, upepo na vumbi, namkuta mama shambani anapanda uwele. Mvua yetu huku ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kwahiyo watu wanawahisha mbegu kwenye udongo mkavu. Nikamwambia mama, mwaka jana si ilinyauka yote, na mbingu zenyewe si unaziona? Hata hakuinuka. "Mwanangu, mvua ndo ina kigeugeu. Mimi tumaini langu sikuliweka kwenye mvua." Akaendelea kufukia.

Neno lile lile! Na sikuwahi kumwambia habari ya mstari wangu. Usiku nikafungua Biblia kwa tochi ya simu nikausoma mpaka mwisho, "ndio maana ninyi hamkuangamizwa". Jamani. Haijaandikwa ndio maana stendi haitahama, wala ndio maana baba hatakufa. Imeandikwa hamkuangamizwa, na mimi nilikua nimekaa pale kitandani, mzima, nimeshiba ugali na mlenda wa mama yangu. Nililia sana usiku ule, ila sio kilio kile cha mwanzo.

Sisemi mambo yalinyooka. Ule uwele tulirudia kupanda mara mbili. Nina kibanda kingine sasa, kidogo, wateja ni bodaboda na mafundi wa ujenzi, siku zingine nalala na deni la unga. Na wanaoniambia kuhusu baba "utazoea" wanisamehe, sijazoea.

Wiki iliyopita nililala tena kwa mama. Alfajiri nikamsikia anasali kwa Kigogo, maneno yale yale niliyokua nayasikia mtoto, nimejifunika kanga yake, kwa mpangilio ule ule. Pale tu alipokua akimtaja baba kuomba alindwe, sasa anashukuru kwa ajili yake. Mengine hajagusa hata neno. Nikabaki gizani naitikia amina, taratibu, asijue kama nimeamka.