Takataka za La Hague ndizo saa yangu

Shangazi yangu wa Tanga akisikia neno mionzi huniuliza kama bado ninakula samaki huku Norwei. Nakula shangazi, tena sana. Iodini-129, aina ya iodini yenye mionzi ninayoitafuta kwenye chupa za maji ya bahari, ni chache mno kumdhuru mtu. Mashine inalazimika kuihesabu atomu kwa atomu.

Inatoka hasa viwanda viwili vilivyochakata fueli ya nyuklia iliyokwisha tumika: La Hague, Ufaransa, na Sellafield, Uingereza. Kwa miongo mingi vimemwaga maji yao baharini, kwa kibali. Iodini hiyo huyeyuka na kwenda popote maji yaendapo, na kwa kuwa nusu yake huoza baada ya miaka kama milioni 15.7, haipungui njiani. Ni kama kitambaa tunachomfunga kuku mguuni tusimpoteze kwa jirani. Hupita Bahari ya Kaskazini, ikapanda na mkondo wa pwani ya Norwei hadi Aktiki, kisha sehemu yake hurudi kusini kupitia mlango wa Fram, kati ya Svalbard na Greenland.

Utamu uko kwenye tarehe. Umwagaji wa La Hague ulipanda sana miaka ya 1990, kwa hiyo kiwango cha iodini hudokeza maji yaliondoka Ulaya lini. Hudokeza tu, maana yakichanganyika na maji masafi, yasiyoguswa na viwanda hivyo, yataonekana ya zamani kuliko yalivyo. Hapo tunapima pia uraniamu-236, nayo yenye mionzi, inayotoka viwanda hivyohivyo. Maji masafi yakiingia hupunguza zote mbili kwa pamoja, ila uwiano kati yake hauyumbi sana, na uwiano huo umebadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nao hudokeza tarehe.

Sisemi kumwaga kulikuwa jambo jema. Mwaka 1994 Sellafield ilianza kumwaga teknesiamu-99, metali yenye mionzi, kwa wingi, ikaonekana kwenye kambamti na mwani, na Norwei ikapiga kelele miaka mingi hadi umwagaji ukapunguzwa 2004. Wanasayansi wenzetu wa bahari, nao, walipata alama safi ya kufuatilia mkondo hadi Aktiki. Ningekuwa mvuvi ningekasirika. Kwa kuwa mimi ni wa maabara, naisoma grafu ile kwa raha, na raha hiyo hainipendezi.

Shangazi sasa anataka kujua kambamti ni bei gani huku.